Jangwani haiko kando ya mto, Jangwani ni mto

Chumba nilichopanga Kigogo, Dar es Salaam, kilikuwa na mstari ukutani, rangi ya chai ya maziwa, usawa wa kiuno changu. Chini ya mstari rangi ilibambuka ukiigusa tu. Juu yake ukuta ulikuwa mzima. Sikuhitaji kuuliza. Maji ya mto Msimbazi yalisimama hapo, yakatua tope lake, yakaenda zake.

Tangu siku hizo nikisikia mtu anasema mto "umevamia makazi" nakereka. Tumezoea kuuita mto ule mfereji mwembamba tunaouona mwezi wa nane, maji yakiishia kwenye vifundo vya miguu. Kumbe bonde lote lile la Jangwani, kuanzia Magomeni Mapipa mpaka unapopanda kuelekea Fire, ni kazi ya mto wenyewe.

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe. Kule juu kuna mteremko, maji yana mbio, na maji yenye mbio hubeba mchanga. Yakifika Jangwani ardhi ni tambarare, mbio zinakwisha, mzigo unashushwa. Mchanga ukirundikana, sakafu ya mto inapanda, na mto uliokosa kina hutafuta upana. Bonde limetandazwa hivyo, mafuriko baada ya mafuriko. Kwenye kona, maji ya upande wa nje hukimbia zaidi na kula ukingo. Ya upande wa ndani hupoa na kuacha mchanga. Nimeona choo cha jirani kimebaki kinaning'inia nusu hewani, na ng'ambo yake vijana wanachota kwa sepetu mchanga safi uliokuja usiku uleule.

Halafu na sisi tukaongeza yetu. Chukua paa moja la bati, mita za mraba 100. Ikinyesha mvua ya milimita 50, paa hilo linamwaga lita 5,000, yaani ndoo kubwa 250. Palipokuwa na kichaka, sehemu kubwa ya maji hayo ingezama ardhini polepole. Sasa yanatoka Kimara, Ubungo na Tabata kwa pamoja, juu ya bati, sementi na lami, yote yanawahi bondeni saa ileile. Na kama kule Daraja la Salender, mdomoni mwa mto, bahari imejaa, tena maji ya bamvu yanayojaa kupita kawaida, mto hauna pa kumwagia. Unarudi nyuma, unapanda.

Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam. Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande. Baadhi walirudi, na mimi siwezi kuwalaumu: kutoka bondeni unakwenda Kariakoo kwa miguu, kutoka Mabwepande nauli inakula kibarua. Wala tusiseme ni ujinga wa maskini. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa palepale Jangwani, na maji yakaingia.

Kinachoniuma zaidi ni kifusi. Mwenye uwezo ananunua tripu kumi, ishirini, anainua kiwanja chake, anajenga ukuta. Yake yamekwisha. Lakini maji yaliyokuwa yatulie kwake hayajapungua hata ndoo moja. Yanahamia kwa mama wa nyumba ya pili, yakiwa ya kina zaidi. Kwa maoni yangu kumwaga kifusi bondeni kungehesabiwa kama kumwaga maji ndani ya nyumba ya mtu.

Wenzetu wa bonde la Rufiji walijua hili zamani. Wana kilimo cha mlau: maji yakishuka wanapanda kwenye tope lenye unyevu, mazao yanakua mvua ikiwa imeshakwisha. Mto ulipewa nafasi yake, nao ukaleta rutuba. Msimbazi nao unastahili nafasi hiyohiyo, bustani za mchicha na viwanja vya mpira, vitu ambavyo vikilowa havizikwi.

Nilipohama Kigogo, mwenye nyumba alileta fundi akapaka rangi upya, krimu, mikono miwili. Mstari ukapotea kabisa. Mpangaji mpya alikuja na mtoto mchanga na godoro jipya likiwa bado kwenye nailoni. Akalitandika chini. Nilimpa ufunguo, nikamwonyesha bomba lilipo, nikaondoka bila kumwambia. Hilo nalijutia mpaka leo, kila wingu linapotanda upande wa Pugu.