CX-5 ya dizeli na sifa za kuazima

Ingia yadi yoyote ya magari Dar es Salaam au Mombasa uulizie Mazda CX-5. Dalali atakuuliza "petroli au dizeli?", na kabla hujajibu ameshaanza kukusifia dizeli: inakula kidogo, inavuta, na injini ya dizeli haifi. Toka hapo uende gereji, fundi atakwambia usithubutu, zile zinanoki, injini inakufa. Wote wawili wana ushahidi wa macho. Ila nadhani kila mmoja anazungumzia injini yake.

Sifa ya "haifi" ilichumwa na injini kama 1HZ ya Land Cruiser. Ilitoka mwaka 1990: silinda sita, lita 4.2, haina tabo ya kusukumia hewa ya ziada, haina kompyuta ya kuipimia mafuta. Pampu inayozungushwa na injini yenyewe ndiyo inayosukuma dizeli. Bloku ni chuma cha kusubu. Kwa ukubwa wote huo inatoa nguvu za farasi 130 hivi tu, yaani imejengwa kubeba mzigo mkubwa kuliko inaotwishwa. Badilisha oili, badilisha mkanda wa taiming kila kilometa 100,000, toa maji kwenye chujio la dizeli, basi. Ukiipa mafuta mabovu itatoa moshi na kulalamika, lakini itakufikisha.

Skyactiv-D ya lita 2.2, dizeli ya Mazda iliyoingia na CX-5 mwaka 2012, ni ukoo mwingine. Mazda walishusha mbano wa silinda (hewa inavyobanwa kabla ya mafuta kuwaka) hadi 14 kwa 1, wakati 1HZ inabana zaidi ya 22 kwa 1. Mbano ukipungua, joto na shinikizo navyo vinapungua. Dizeli inapata nafasi ya kuchanganyika na hewa kabla ya kuwaka, na moshi unakuwa safi zaidi. Ndivyo injini hii ilivyopita vipimo vya Japani bila kuhitaji tangi la urea, ile dawa ya kusafishia moshi. Na kwa kuwa shinikizo ni dogo, bloku ikatengenezwa kwa alumini, uzito ukashuka kwa kilo 25. Ni kazi ya akili, nasema bila kejeli. Lakini akili hiyo inataka vitu vingi viwe sawa kwa wakati mmoja: tabo mbili, nozeli zinazorusha mafuta kwa presha inayofika bar 2,000 (tairi lako lina bar mbili na ushee), vali ya EGR inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, na kile kichujio cha masizi kwenye ekzosi ambacho mafundi wanakiita DPF.

Wanaoitetea hawadanganyi. Msokoto wake, yaani nguvu ya kuvuta, ni nyutonimita 420, wakati petroli ya lita 2.0 ya gari hilohilo ina 196. Aliyepanda mlima wa Kitonga akiwa na familia nzima na magunia ya mchele nyuma hahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Kwa vipimo vya Japani vya wakati huo, dizeli ya magurudumu mawili ya mbele ilipewa kilometa 18.6 kwa lita, petroli 16. Barabarani zote mbili hazifiki hapo, lakini pengo lipo.

Matatizo mengi yanaanzia kwenye DPF. Kichujio kinakusanya masizi; kikikaribia kujaa, kompyuta inayachoma kwa kupandisha joto la moshi hadi nyuzi 600 hivi. Joto hilo linapatikana kwa kurusha dizeli ya ziada silindani baada ya mlipuko kupita. Si yote inayotoka na moshi. Nyingine inagusa ukuta wa silinda, inateremka na kuingia kwenye oili. Mazda wanalijua jambo hili, ndiyo maana kijiti cha oili kina alama ya X juu ya alama ya kujaa: oili ikipanda hadi pale, imwagwe. Sisi tumefundishwa kuogopa oili inayopungua. Mtu akiona ya kwake imeongezeka anashukuru Mungu na kufunga boneti, kumbe injini inalainishwa na mchanganyiko uliochujuka kama chai ya mwisho wa mwezi.

Kuchoma masizi kunahitaji kama robo saa ya mwendo usiokatika. Kwa anayekwenda Morogoro, kazi inafanyika na kwisha bila yeye kujua. Kwa anayetoka Mbezi kwenda Posta asubuhi, inaanza, foleni inaikatiza, inaanza tena, na kila jaribio linaongeza dizeli kwenye oili. Washa (zile pete) za shaba chini ya nozeli zikivuja juu ya hayo, masizi yanaingia kwenye oili, yanaganda, yanaziba chujio la pampu ya oili kule kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Tabo zinakosa oili, kemshafti inayofungua vali inalika, na hapo ndipo fundi wetu anapokutana na gari. Yeye haoni zile zinazokwenda Mbeya na kurudi kila wiki bila shida, maana hazina la kumpeleka kwake. Lakini asionekane mzushi: mwaka 2018 Mazda wenyewe waliyaita magari ya injini hii nchini Japani yarudi kurekebishwa kwa ajili ya springi za vali na masizi.

Wala si Mazda peke yao. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ya Australia iliamua kwamba Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa huko kuanzia 2015 zilikuwa na DPF yenye kasoro. Kwa hiyo anayekwambia "nunua Toyota ulale usingizi" muulize Toyota ya mwaka gani.

Mafuta nayo ni hoja, ingawa si kubwa kama inavyovumishwa. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zinatakiwa kuuza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Japani ni 10. Hatari kubwa zaidi ni mafuta ya taa ndani ya dizeli, kwa sababu pampu ya presha inalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ute wa kutosha. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, alama za kuyatambua yaliyochanganywa, kwenye mafuta mwaka 2010, mwaka ambao neno "kuchakachua" lilitoka kwenye vituo vya mafuta likahamia kwenye siasa. Kenya mwaka 2018 iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili mchezo usilipe.

Kuna kosa moja la wanunuzi linaloniumiza zaidi: kushabikia kilometa chache. Gari la miaka sita lililotembea kilometa 35,000 Japani linagombaniwa mnadani. Kwa petroli, sawa. Kwa dizeli yenye DPF, kilometa hizo mara nyingi ni safari za dukani na shuleni, injini haijapata moto hata kidogo. Ningechukua yenye 90,000 za barabara kuu kabla ya hiyo.

Sasa hesabu. Kwa namba za kiwandani, anayetembea kilometa 15,000 kwa mwaka anaokoa lita 131 hivi kwa kuchagua dizeli. Nozeli moja ya kubadilisha inaweza kuzimeza zote. Anayetembea 40,000, tena safari ndefu, anaokoa lita 350 na injini inapata mazoezi inayoyataka. Huyo achukue dizeli, lakini oili iwe ile ya majivu machache iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ya malori inaacha majivu yasiyoungua ndani ya kichujio. Na asikubali kutobolewa DPF kama tiba ya kwanza. Kichujio kinachojaa kila wiki kinalalamikia kitu kingine, mara nyingi nozeli au EGR, na ukikiondoa umemnyamazisha shahidi.

Siku ya kununua, nenda asubuhi injini ikiwa baridi. Chomoa kijiti, angalia ile X, unuse. Mashine ya kusomea kompyuta ya gari ikuonyeshe kiasi cha masizi na umbali tangu yachomwe mara ya mwisho. Muuzaji akikwambia gari "ameshalipasha moto kidogo" kabla hujafika, rudi kesho.