Gari ni Lilelile: Namtetea Alex Palou

Kila mazungumzo ya IndyCar ya 2025, ligi ya mbio za magari ya Marekani, yakianza, hakosi mtu wa kusema msimu ulikuwa mkavu. Alex Palou, dereva Mhispania, kashinda, wiki inayofuata Palou tena, kisha kachukua ubingwa mwezi wa nane huku mashindano mawili hayajafanyika. Sasa sisi wengine tulikuwa tunakesha kuangalia nini? Nimeyasikia maneno haya kutoka kwa watu ninaowaheshimu kwa ujuzi wao wa magari, na kila nikiyasikia yananiuma. Naona tumepewa msimu wa kusimulia wajukuu, tukaupima kwa kipimo cha mchezo mwingine.

Mchezo huo mwingine ni Formula 1. Kule kila timu huunda gari lake, kwa hiyo dereva akiongoza mbio kumi mfululizo, swali la kwanza huwa la haki kabisa: ni yeye au ni gari? IndyCar jibu la swali hilo liko wazi kuliko kwingine. Chasisi, yaani mwili wa gari, ni moja kwa wote, inatengenezwa na Dallara ya Italia, na ni ileile tangu 2012, ingawa imeongezewa vitu njiani: kioo cha kukinga kichwa cha dereva mwaka 2020, mfumo wa haibridi katikati ya 2024. Matairi ya wote ni Firestone. Injini zinatoka kwa Honda au Chevrolet, V6 za lita 2.2 zenye turbo mbili, na mwaka 2025 hapakuwa na wa tatu. Timu inabaki na nini cha kujitofautisha? Shokapu, namna ya kulipanga gari kulingana na barabara, mikono ya mafundi wakati wa kubadilisha matairi, na akili.

Kuna watakaosema Palou alibebwa na Chip Ganassi, timu tajiri yenye injini za Honda. Sawa, tuiangalie timu hiyohiyo. Msimu huo ilikuwa na magari matatu. Moja alikuwa nalo Scott Dixon, bingwa mara 6, mtu ambaye sidhani kama kuna anayethubutu kusema hajui kuendesha. Dixon alishinda mara 1. La pili alikuwa nalo Kyffin Simpson, kijana, hakushinda hata moja. La tatu alikuwa nalo Palou, na katika mashindano 17 alishinda 8. Mafundi wa karakana moja, injini za aina moja, jengo moja. Tofauti hiyo haitoki kwenye gari.

Na hakushinda kwa namna moja. Hapo ndipo wengi wanapokosa utamu, kwa sababu wanatazama matokeo Jumatatu asubuhi badala ya kutazama mbio zenyewe. St. Petersburg ya Florida, mbio za kwanza, alianza nafasi ya 8. Dixon aliyekuwa mbele redio yake ilikufa, akachelewa kuingia kubadilisha matairi, na Palou aliyekuwa ameingia mapema akajikuta mbele. Mtu anaweza kusema ni bahati. Lakini bahati hiyo ilimkuta akiwa tayari amepanda kutoka nafasi ya 8. Wiki tatu baadaye, Thermal kule California, mpinzani wake Pato O'Ward aliongoza sehemu kubwa ya mbio na alikuwa na pengo la zaidi ya sekunde kumi. Palou hakuhangaika. Alitunza matairi, akasubiri, akalila lile pengo mzunguko kwa mzunguko, akampita ikiwa imebaki mizunguko kumi hivi. Kwenye uwanja wa Barber aliondoka mbele na kumaliza mbele, akimwacha wa pili kwa sekunde 16. Katika ligi ambayo magari yote yanafanana, sekunde 16 ni nyingi mno.

Kinachonivutia zaidi kwake ni mguu. Watu wanadhani dereva mzuri ni yule anayekanyaga mafuta kuliko wenzake. Palou ni bingwa wa kuinua mguu: anaachia mafuta mapema kidogo kabla ya kona, gari linateleza lenyewe, kisha breki, kisha kona, na muda wake kwenye saa hauongezeki. Akifanya hivyo mizunguko thelathini, anabaki na mafuta ambayo mwenzake hana, na mwenzake analazimika kuingia kujaza mapema. Kwenye televisheni kazi hiyo haionekani. Unaona tu jina lake likipanda taratibu kwenye orodha, na ukiwa hujui unauliza amepandaje.

Mpaka Mei ya mwaka huo alikuwa na deni moja. Mataji yake matatu, ya 2021, 2023 na 2024, aliyapata bila kushinda hata mara moja kwenye barabara ya mviringo, ile ambayo kona zote zinakata kushoto na ukuta uko jirani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Waliokuwa hawamtaki walishika hapo. Mwaka 2021 alikuwa wa pili Indianapolis nyuma ya Hélio Castroneves, na wa pili Indianapolis hakumbukwi sana.

Basi ikaja Indianapolis 500, tarehe 25 Mei. Kwetu ilikuwa ianze saa mbili kasorobo usiku, manyunyu yakaichelewesha, nikawa nimekaa na simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, watoto wameshalala. Magari 33, mizunguko 200, kilomita zinazokaribia 805. Marcus Ericsson, mshindi wa 2022, alikuwa anaongoza. Kwenye mbio hizi mara nyingi anayefuata ndiye mwenye nafuu, kwa sababu upepo anakatiwa na gari la mbele, anaokoa mafuta na kuvuta nguvu ya kupita dakika za mwisho. Kwa hiyo kila mtu alitarajia Palou angojee. Hakungoja. Mzunguko wa 187 alimpita Ericsson, mapema kuliko kawaida, nikasema moyoni huyu amejimaliza, Ericsson atamrudia.

Hakurudiwa. Mbele yao barabarani kulikuwa na magari mawili yaliyokuwa nyuma kwenye hesabu ya mbio, na Palou akajibanza nyuma ya hayo magari. Alikuwa anaongoza, na papo hapo upepo anakatiwa na watu wasiokuwa washindani wake. Ericsson akabaki anatafuta nafasi isiyokuwepo. Mzunguko wa mwisho gari moja likagonga ukuta, bendera ya njano ya tahadhari ikapepea, mbio zikaishia hapo. Mhispania wa kwanza kushinda Indianapolis 500. Alisimamisha gari kwenye lami mbele ya jukwaa, akaruka nje, akakimbia kama mtoto aliyefunguliwa shule, na mimi nikasimama nyumbani kwangu peke yangu nikapiga makofi.

Sasa niseme jambo ambalo watu wa Palou-anachosha hawaligusi. Wiki moja kabla, kwenye mbio za kupanga nafasi, magari mawili ya timu ya Penske, la Josef Newgarden na la Will Power, yalikutwa yamerekebishwa kinyume cha kanuni. Kipande cha nyuma kinachofyonza mshtuko gari likigonga ukuta ni cha wote, hakiguswi, lakini kwenye magari hayo maungio yake yalikuwa yamezibwa na kulainishwa. Yote mawili yakapelekwa mkia wa msafara, timu ikatozwa faini ya dola 100,000 kwa kila gari, na viongozi watatu wa juu wakafukuzwa kazi. Newgarden alikuwa ameshinda 2023 na 2024 na alikuwa anatafuta kuwa mtu wa kwanza kushinda mara tatu mfululizo. Baada ya mbio, magari mengine matatu, likiwemo la Ericsson, yalishindwa ukaguzi yakashushwa mwisho wa orodha.

Fikiria maana yake. Ufa mdogo wa maungio ya kipande kimoja, na watu wako radhi kuhatarisha kazi zao kuuziba. Hivyo ndivyo magari haya yalivyokaribiana. Na lililoniudhi zaidi ni kwamba Roger Penske ndiye mwenye timu, na tangu mwanzo wa 2020 ndiye mmiliki mkuu wa ligi na wa uwanja wa Indianapolis wenyewe. Hakuna shabiki wa mpira kwetu angekubali mwenye ligi awe na timu ndani ya ligi hiyo na waamuzi wawe waajiriwa wake, hata kama ni mtu mwadilifu kiasi gani. Wakati huo huo, hukumu ile ilitolewa dhidi ya timu yake, na hilo nalihesabu. Lakini kuhesabu hakutoshi. Uamuzi ulipaswa kutengwa na mmiliki tangu siku ya kwanza, kwa sababu ligi inayouza usawa wa magari haina kitu kingine cha kuuza usawa huo ukitiliwa shaka.

Ubingwa aliufunga Portland, tarehe 10 Agosti. Alimaliza na pointi 711, O'Ward aliyemfuata akawa na 515. Nakubali kwamba hesabu za mwisho hazikuwa na presha, na nakubali pia kwamba msimu ulioisha Agosti ulituacha na njaa ndefu hadi Machi, hilo ni kosa la waandaaji. Ila mtu anayesema hakuna aliyepata nafasi hakuiona Milwaukee. Palou aliongoza sehemu kubwa ya mbio, mvua kidogo ikadondoka, Christian Rasmussen wa timu ndogo ya Ed Carpenter akaweka matairi mapya na kumpita kwa nje bila woga, akapata ushindi wake wa kwanza. Timu ndogo kumshinda bingwa pale pale kwenye lami ni jambo linalowezekana kwa sababu gari ni lilelile.

Na hakuiona Mid-Ohio. Ilikuwa Julai, Palou anaongoza, imebaki mizunguko mitano hivi, na Dixon anakuja kwa mbali akiwa amesimama kujaza mafuta mara mbili tu badala ya tatu. Kila mtu alishaandika jina la Palou. Kona ya tisa akapanuka kidogo, matairi yakaingia kwenye vumbi, kosa la mtu ambaye kwa miezi minne hakuwa amekosea. Dixon akapita. Palou akageuza gari, akarudi barabarani na kukimbiza kwa kila alichonacho, mzunguko baada ya mzunguko, akifika mkiani mwa gari linalofanana na lake kila kitu. Bendera ilipoanguka pengo lilikuwa chini ya nusu sekunde.