Dark, msimu wa tatu: nani aliwauliza waliofutwa?

Tamthilia ya Kijerumani ya Dark ilifungwa tarehe 27 Juni 2020, tarehe ileile ambayo ndani ya kisa chenyewe ndiyo siku ya kiama cha mji wa Winden. Miaka imepita, lakini hapa Mwanza ukikaa na wapenzi wake, wawe wanachuo wa Malimbe au vijana wa Makoroboi wanaoingizia watu muvi kwenye flashi, maongezi hayafiki mbali kabla kikao hakijapasuka vipande viwili. Msimu wa kwanza na wa pili hauna ugomvi. Ugomvi ni wa tatu. Wapo wanaosema uliharibu kazi nzuri kwa kuongeza ulimwengu wa pili usiohitajika. Wapo wanaosema ndio uliofanya tamthilia nzima iwe na maana, kwa sababu kila fumbo lilipata jibu lake.

Mimi nasimama karibu zaidi na hao wa pili. Hata hivyo kuna swali moja ambalo sijawasikia wakilijibu, na kwangu ndilo zito kuliko hesabu zote za muda na ulimwengu. Anayepanga kuiangalia Dark aishie hapa, maana nitataja mwisho wake.

Kwa waliosahau: Winden ni mji mdogo wenye kinu cha nyuklia na pango msituni. Mtoto anayeitwa Mikkel anapotea Novemba 2019, anatokea mwaka 1986, analelewa huko, anakua, anaoa, na mwanawe ni Jonas. Jonas naye anampenda Martha, bila kujua kwamba Martha ni dada wa Mikkel, yaani shangazi yake wa damu. Muda unazunguka kwa vipindi vya miaka 33, na kila anayejaribu kuzuia jambo ndiye anayelisababisha. Waandaaji, Baran bo Odar na Jantje Friese, waliiweka katika misimu mitatu: sehemu 10, kisha 8, kisha 8.

Msimu wa tatu ukaleta Winden nyingine, ambamo Mikkel hakupotea, kwa hiyo Jonas hakuzaliwa kabisa. Tukawajua Adam, ambaye ni Jonas mzee, na Eva, ambaye ni Martha mzee wa ulimwengu huo wa pili. Mmoja anataka kulikata fundo lote, yaani mzunguko huu wa muda na nasaba, mwingine anapigana ili lisikatike, kwa sababu ndani yake kuna mtoto waliomzaa pamoja. Mtoto huyo ndiye baba yake Tronte, na Tronte ni babu yake Martha. Ukoo mzima wa Nielsen, wa kina Martha na Mikkel, umejizaa wenyewe.

Wanaoulaumu wana hoja mbili ninazoziheshimu. Ya kwanza ni ya kanuni. Kwa misimu miwili tulifundishwa kwamba hakuna kinachobadilika: lililotokea limetokea na litatokea tena. Msimu wa tatu wenyewe unaikazia kanuni hiyo pale Jonas anapotaka kujiua na bunduki inagoma, kwa kuwa Jonas mzee tayari yupo na hawezi kukosa kuwepo. Halafu, sehemu ya mwisho kabisa, Claudia, aliyewahi kuwa mkuu wa kinu cha nyuklia, anakuja kumweleza Adam kwamba saa ya kiama muda husimama kwa chembe ya sekunde, na katika chembe hiyo mambo yanaweza kuchepuka. Wengi wanaona huo ni mlango wa uani uliotobolewa dakika za majeruhi.

Nakubali nusu. Mlango ule ulikuwepo kabla ya sehemu ya nane. Tunaona mapema kwamba Martha mmoja anafika kumwokoa Jonas, na Martha huyohuyo, akizuiwa njiani na kijana mwenzake Bartosz, hafiki. Ndiyo maana Jonas mmoja anakufa na mwingine anaendelea hadi kuwa Adam. Eva amekuwa akiutumia ufa huo muda wote. Kilichoharakishwa ni maelezo yake. Jambo lililohitaji kuonyeshwa taratibu limesemwa kwa mdomo, na mtazamaji aliyechoka anaona amepewa jibu la kubandika.

Hoja ya pili ni haraka, na hapa nawapa ushindi bila masharti. Sehemu nane hazikutosha kubeba dunia mbili pamoja na miaka ya 1888 na kuendelea. Silja na Bartosz, ambao ndio wazazi wa Noah na wa Agnes, mama yake Tronte, mapenzi yao tunayapata kwa vipande vya dakika chache. Ulrich, baba yao Mikkel na Martha, aliyetubeba msimu wa kwanza mzima, anabaki mzee aliyefungiwa, basi. Msimu wa kwanza ulikuwa na subira ya kumkalisha mama mezani akilia kimya. Wa tatu unakimbiza watu kutoka pango hadi pango ili mahesabu yafunge.

Lalamiko kwamba majina na nasaba zinachanganya silipi uzito. Ni kweli wengi hapa waliiangalia kwa vipande, sehemu moja leo na nyingine bando likipatikana, wengine kwa sauti za Kiingereza zisizolingana na midomo. Lakini mtu aliyekulia kwenye misiba ya Usukumani, ambako swali la kwanza ni wewe ni wa nani na baba yako alitoka wapi, hapaswi kushindwa na ukoo wa Winden.

Na wanaousifu wana kitu kikubwa mkononi: msimu huu ulijibu. Tamthilia za mafumbo zinajulikana kwa kuwaacha watu njiani. Mashabiki wa Lost, iliyomalizika 2010 baada ya misimu sita, bado wanalumbana kuhusu maswali yaliyoachwa hewani. Dark ilirudi ikaokota karibu kila uzi. Tena jibu lenyewe halikuwa mashine wala njama ya serikali. Lilikuwa baba aliyefiwa. H. G. Tannhaus, fundi saa, alimpoteza mwanawe, mkwewe na mjukuu wake mchanga katika ajali ya gari darajani. Akatengeneza mashine ya kuwarudisha. Alipoiwasha mwaka 1986, ulimwengu wake ukapasuka, zikatokea zile mbili tulizozijua. Tamthilia nzima tuliyoiona ni matokeo ya mzee mmoja aliyekataa kuzika. Suluhisho ni kwamba Jonas na Martha wanakwenda kwenye ulimwengu wa asili, wanamzuia mwana wa Tannhaus kufika darajani, ajali haitokei, mashine haitengenezwi, na wao wenyewe wanayeyuka kuwa chembe za mwanga.

Hapo ndipo msimu huu, kwa mtu wa mji huu, unaacha kuwa mchezo wa akili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza ikitokea Bukoba, na watu zaidi ya 800 walikufa. Wengi wamelazwa makaburi ya Igoma. Septemba 2018 ikafuata MV Nyerere pale Ukara. Ni nadra hapa kukuta familia ambayo maji haya hayajaigusa, kwa ndugu, jirani au mwalimu. Kwa hiyo swali la Tannhaus si geni kwetu: kama ungepewa uwezo wa kuizuia meli ile isiondoke, ungeuzuia mkono wako?

Mama mmoja wa Kirumba, ambaye aliiangalia Dark na binti yake, hana muda wa kusitasita. Kwake mwisho ule ni wa haki kabisa. Aliyefiwa anamjua marehemu, ana sura yake na sauti yake; asiyezaliwa hana anachokosa, hana njaa wala kiu, hakuna anayemlilia. Kama kufuta kidogo kunawarudisha waliokufa bila kosa, kufutwe. Na anaongeza jambo la maana: Jonas na Martha hawakulazimishwa. Walijitoa.

Ila ninamfahamu pia kijana ambaye baba yake alifiwa na mke wa kwanza ndani ya meli ile, akaoa tena, naye akazaliwa katika ndoa ya pili. Anamheshimu mama mkubwa ambaye hakuwahi kumwona. Picha yake ipo sebuleni kwao hadi leo. Kijana huyu hakuweza kuufurahia mwisho wa Dark. Anasema kila ajali inaua watu, kisha miaka inayofuata inazaa watu, na hao wa baadaye si makosa ya kusahihishwa. Ukiirudisha meli bandarini umemrudisha mke wa baba yake, na yeye umemwondoa, pamoja na mdogo wake, bila kuwauliza.

Nimelipima hili kwa muda mrefu na ninasimama na kijana, ingawa machozi ya mama yule nayaelewa vizuri sana. Sababu yangu iko ndani ya msimu wenyewe. Charlotte na binti yake Elisabeth, ambao kwa mzunguko wa ajabu kila mmoja ni mama wa mwenzake, wanatumwa na Adam kumchukua Charlotte akiwa mchanga, kutoka mikononi mwa wazazi wake, na kumpeleka kwa Tannhaus miaka ya nyuma. Charlotte anajiiba mwenyewe. Anajua uchungu atakaowaachia baba yake Noah na Elisabeth wa wakati huo, anajua na uchungu atakaoupata yeye kwa kukua bila kujua wazazi wake, na bado anafanya. Anachagua kuwepo. Kama waandishi walitaka tuamini kwamba watu wa fundo lile ni makosa yanayosubiri kufutwa, wasingetuonyesha mwanamke akipigania kuzaliwa kwake kwa mikono yake miwili.

Halafu tuangalie nani aliyeamua. Ni Claudia. Ndiye aliyegundua kwamba kuna ulimwengu wa tatu, ule wa asili, ndiye aliyemwonyesha Adam njia. Msimu unamchora kama mwenye hekima kuliko wote, aliyewashinda Adam na Eva kwa akili. Lakini Claudia ana binti, Regina, anayeugua saratani, na Regina hakuzaliwa na Tronte wala hana damu ya fundo. Ulimwengu wa asili unambakiza. Kwa maneno mengine, aliyebuni njia ya kuwafuta watoto wa wenzake ndiye ambaye mtoto wake atabaki. Sisemi Claudia ni mwovu. Mzazi gani asingefanya hivyo? Yeye na Tannhaus wamefanya jambo lilelile: wote wawili wamevunja dunia kwa ajili ya mtoto. Tannhaus analaumiwa kwa misimu mitatu, Claudia anapongezwa. Waandishi walikuwa na nafasi ya kulisema hili na hawakulisema.

Wanaoutetea msimu watanijibu kwa chakula cha jioni cha mwisho. Regina, Katharina, Hannah, Peter, Benni na Wöller wamekaa mezani, mvua inanyesha, umeme unakatika. Hannah, aliyekuwa mama yake Jonas, anatazama koti la mvua la njano kama lile la Jonas, anahisi kitu anachokijua na hawezi kukitaja, na anapoulizwa jina la mtoto aliye tumboni anasema Jonas. Wenzangu wanasema hapo ndipo waliofutwa wanaheshimiwa: alama yao imebaki.

Ni tukio zuri, na uigizaji wake hauna dosari. Lakini alama hiyo amepewa Jonas peke yake, aliyekuwa mhusika mkuu tangu mwanzo. Katharina amekaa hatua mbili kutoka hapo. Huyu ni mwanamke aliyempoteza Mikkel, akamtafuta hadi akafia ziwani mikononi mwa mama yake mzazi mwaka 1987. Sasa watoto wake Magnus, Martha na Mikkel hawapo mezani wala hawamo katika kumbukumbu yake, naye anacheka na kunywa mvinyo. Hakupewa hata kusita. Ningetoa mapambano mawili ya Adam na Eva, ambayo mengi yanarudia maneno yaleyale kuhusu mwanzo na mwisho, nikampa Katharina dakika tano za kuinuka mezani, kuhesabu sahani, na kuona kama zimepungua.