Pesa ya kalipa ya pili ipeleke kwenye braketi

Sema kwenye gereji yoyote ya Ilala kwamba unataka kufunga kalipa ya pili (kalipa ni kile kishikio kinachoibana diski ya breki kwa pedi) kwenye matairi ya nyuma kwa ajili ya handibreki, uone watu watakavyogawanyika. Mafundi wakongwe watakuambia ni mbwembwe za vijana: gari limetoka Japani na kalipa moja kila tairi, wewe ni nani uongeze? Vijana nao watakuambia bila kalipa mbili hupigi drifti, ule mchezo wa kuliserereshea gari ubavu kwenye kona, unacheza tu. Mimi nimesimama na vijana, ila kwa sababu ambayo wengi wao hawaisemi, na kwa sharti ambalo wengi wao hawalitimizi.

Tuanze na handibreki ya kiwandani. Kwenye Toyota Mark II, Chaser na Altezza zenye diski nyuma, handibreki haina habari na kalipa. Katikati ya diski kuna kikombe, na ndani ya kikombe kuna breki shuu mbili ndogo zinazovutwa na waya. Kazi yake ni kulishika gari lililosimama kwenye mteremko wa Goba, basi. Ukiitumia kufunga tairi ghafla gari likiwa mbio, na kurudia hivyo mchana kutwa, waya unavutika, shuu zinaungua, na mwisho unavuta mkono mpaka kwapani huku tairi linazunguka kana kwamba hujafanya kitu. Ndiyo maana watu wa rali, kabla hata ya watu wa drifti, walihamia handibreki ya mafuta: mkono mrefu wenye masta silinda yake (pampu ndogo ya mafuta ya breki), unaosukuma mafuta badala ya kuvuta waya.

Sasa, mafuta hayo yanakwenda wapi? Njia ya bei nafuu ni kulikata bomba la breki ya mguu linaloelekea nyuma, kulipitisha kwenye masta silinda ya mkono, kisha kuliendeleza hadi kwenye kalipa zilezile za zamani. Inafanya kazi, na yapo magari ya mashindano yaliyofungwa hivyo. Lakini angalia ulichokifanya. Umeweka silinda ya bei chee, yenye maungio mapya mawili, katikati ya breki unayoitegemea kila siku ukirudi nyumbani kwa Barabara ya Mandela. Sili yake ikivuja, breki ya mguu ya nyuma imekwenda nayo. Tena ukiwa umevuta mkono, pistoni inaziba njia, na mguu wako hauna kauli kwa matairi ya nyuma mpaka uachie.

Kalipa ya pili ina kikopo chake cha mafuta, bomba lake na silinda yake. Breki ya mguu inabaki kama kiwanda kilivyoiacha, haijakatwa wala kuungwa. Handibreki ikivuja, umepoteza mchezo wa siku hiyo, hujapoteza breki. Na kwa hapa Dar, ambako gari la mchezo na gari la kwenda kazini mara nyingi ni lilelile moja, mimi naona hoja hii peke yake inatosha. Anayeiita kalipa ya pili mbwembwe hajakaa chini ya gari akaangalia mabomba yanapita wapi.

Sharti langu ni braketi. Kipande hicho cha chuma kinachoishika kalipa mpya hakiuzwi Kariakoo, hakina namba ya spea, na hakuna mtu wa kumlaumu kikivunjika. Ndicho kitu pekee kwenye kazi nzima kitakachobuniwa na wewe na fundi wako. Na ndicho kitu ambacho watu hukitengea chenji iliyobaki. Utamkuta mtu amenunua mkono wa handibreki unaong'aa, kalipa amezipiga rangi nyekundu, halafu braketi imekatwa kutoka kwenye bamba lililobaki la geti.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mark II ina uzito wa kama kilo 1,400. Tairi moja la nyuma, tuseme, limebeba kilo 320. Kulifunga tairi hilo kwenye lami kavu unahitaji nguvu karibu sawa na uzito linaoubeba, ikipimwa pale raba inapogusa lami. Lakini kalipa haikamati kwenye raba, inakamata karibu na kitovu. Tairi lina nusu kipenyo cha sentimita 31 hivi, na pedi zinaikamata diski kama sentimita 12.5 kutoka katikati. Zidisha 320 kwa 31, gawanya kwa 12.5: unapata karibu 800. Braketi moja, ya tairi moja, inavutwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 800, yaani zaidi ya bajaji mbili tupu. Na haivutwi polepole. Inavutwa kwa mshtuko, inaachiwa, inavutwa tena, jioni nzima.

Mvuto wenyewe una upande. Gari likienda mbele, sehemu ya mbele ya diski inashuka na ya nyuma inapanda. Kalipa iliyofungwa mbele ya ekseli itataka kung'oka kwenda chini; iliyofungwa nyuma itasukumwa juu. Na kwa kuwa kalipa inakaa pembeni kidogo ya bamba la braketi, bamba linapindwa vilevile. Braketi ndefu na nyembamba inaweza isikatike, ila inajikunja kila unapovuta na kujirudi unapoachia. Chuma kinachokunjwa na kukunjuka hivyo kina siku yake, na haitakuwa siku uliyoipanga wewe.

Hapo ndipo fundi atakapokuambia, kwa kujiamini kabisa, “Bosi, tukupigie chuma cha springi ya Scania, hicho hata treni haiking'oi.” Nimeisikia hoja hii mara nyingi na inanikera, kwa sababu inafanana sana na ukweli. Chuma cha springi ni kigumu kweli. Lakini ugumu si uimara wa kila namna. Ukikichomelea bila kukipasha moto taratibu na kukipooza taratibu, pembeni mwa uchomeleaji kinakuwa kama kigae. Ufa unaanza bila kuonekana na kinakatika ghafla. Kukitoboa nako ni vita, na tundu linatoka limepotoka. Bamba la chuma cha kawaida la milimita 10 au 12 linafaa zaidi. Likizidiwa, linapinda kwanza. Utasikia pedi zinakwaruza, utaona kalipa imekaa upande, utapata nafasi ya kusimama.

Kuhusu kuichomelea braketi moja kwa moja kwenye nako, kile kipande kinachobeba kitovu cha tairi, mimi nasema hapana, na hapa sina lugha ya upole. Nako nyingi ni za chuma cha kumimina, nyingine ni za alumini. Chuma cha kumimina kilichochomelewa mtaani kwa fimbo ya kawaida kinapasuka kandokando ya mshono, na kinachopasuka hapo si braketi tu, ni nyumba ya beringi inayoshika tairi. Joto lenyewe linaiharibu beringi kabla hujaondoka gereji. Braketi ifungwe kwa boliti, kwenye matundu yaliyopo tayari, na iweze kufunguka. Kama lazima kuchomelea vipande viwili vya braketi yenyewe, vichomelewe mezani, vikiwa safi. Usivisafishe kwa ile dawa ya kopo ya kusafishia breki kisha ukachomea papo hapo. Nyingine zina klorini, na zikiguswa na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya fosjini, sumu iliyowahi kutumika vitani.

Boliti nazo zisomwe kichwani. Iliyoandikwa 8.8 ni ya kazi, 10.9 ni bora zaidi, na isiyoandikwa kitu ikae kwenye kitanda au meza. Kama uzi unachongwa kwenye braketi, boliti ya milimita 12 iingie walau milimita 12 ndani ya chuma; kwenye alumini iwe mara moja na nusu au mara mbili ya hapo.

Ninachokipenda katika kazi hii ni kwamba Dar ina kila kitu kinachohitajika, isipokuwa subira. Kazi inaanza na boksi. Ndiyo, boksi la katoni na mkasi. Nako inakaa mezani, diski inafungwa kwa nati zote ili isicheze, kalipa inawekwa juu ya diski na pedi mpya ndani yake, kisha unachora umbo la braketi kwenye boksi, unalikata, unalijaribu, unalitupa, unakata jingine. Rimu inavalishwa kuona kama kalipa inagusa. Gari likiwa kwenye jeki, mguu wa nyuma unapandishwa na kushushwa mpaka mwisho kuona kama kuna kinachogonga shokapu. Boksi likikubali, unahamia kwenye plaiwudi. Plaiwudi ikikubali, ndipo chuma. Chuma kikikatwa kwa gesi, ule ukingo ulioungua usagwe wote, na kona za ndani ziachwe na mviringo, kwa sababu ufa hupenda kona kali.

Matundu ndiyo yanayotenganisha fundi na mpiga kelele. Keekee ya mkononi haitoshi. Yapelekwe kwenye keekee ya kusimama, na kama kuna kipande cha kujazia nafasi kati ya braketi na nako, akichonge mkereza kwa kipimo, msirundike washa tano. Gerezani wako wakereza ambao ukiwapa mchoro wenye vipimo vya milimita watakurudishia kitu usichokitegemea kwa bei ile. Tatizo tunawapelekea maneno: “Mzee, nichongee kama hiki lakini kirefu kidogo.” Kidogo kiasi gani? Mpe venia, ile rula ya kupimia milimita kwa usahihi, imsaidie. Na wapo vijana waliopita VETA Chang'ombe wanaojua kutumia saa ya kupimia kuangalia kama uso wa braketi uko sambamba na diski. Ukiwa umeinama hata nusu milimita, pedi italiwa upande mmoja na kalipa itanata kwenye pini zake.

Kwa kalipa zenyewe, mimi ningenunua jozi ya pili ya zilezile za gari lako, kutoka Shauri Moyo au popote unapoaminiana na muuzaji, ili pedi na sili ziwe za aina moja. Zifunguliwe zote na kuwekwa sili mpya. Mark II ya mwisho ya saluni ilitengenezwa mwaka 2004, na upepo wa bahari hauna huruma na pistoni. Halafu kuna jambo dogo linalowasumbua watu siku nzima: ile nipo ya kutolea upepo lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa. Ukiihamisha kalipa upande wa pili wa diski, nipo inaangalia chini, hewa inakwama juu, na utapampu mpaka mkono uume. Mara nyingi dawa ni kubadilishana tu, ya kulia iende kushoto na ya kushoto kulia.

Mabomba nitayapitia haraka. Bomba la shaba la friji lisitumike. Linakakamaa kwa mtikisiko na kupasuka. Mpira wa haidroliki unaobanwa kwenye maduka ya mashine za ujenzi unavumilia presha vizuri sana, lakini mingi imetengenezwa kwa ajili ya oili, na mafuta ya breki yanaivimbisha raba yake ya ndani. Tafuta mpira wa breki. Mafuta ya DOT 4 mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, ila yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155, na hewa ya Dar inayanywesha maji bila kuombwa. Yabadilishwe mara kwa mara, hasa yale ya kikopo kidogo cha handibreki.

Wapo watakaosema nimefanya jambo jepesi kuwa gumu, na kwamba Keiichi Tsuchiya, yule dereva Mjapani maarufu wa drifti, alijijengea jina kwa Toyota AE86 ya cc 1,600 bila mambo haya. Kweli. Na kama bado hujajua kuligeuza gari kwa klachi na kwa kuhamisha uzito, okoa pesa yako, nunua matairi. Kalipa ya pili ni ya anayeshindana, au anayefanya mazoezi kwenye uwanja uliofungwa kiasi cha kuua shuu za kiwandani kila mara. Kama ni ya kupiga misele Masaki usiku, hapo nawaunga mkono wale mafundi wakongwe.

Jambo la mwisho ni ule waya wa zamani. Baadhi ya michoro ya braketi inayosambaa huondoa bamba linaloshikilia breki shuu, ili braketi ikae mahali pake. Kataa mchoro huo. Handibreki ya mafuta haiwezi kuliegesha gari. Presha inashuka polepole bila wewe kujua, na gari uliloliacha kwenye mteremko asubuhi unaweza kulikuta kwenye ukuta wa jirani. Chora braketi inayouacha waya ufanye kazi yake. Baada ya kufunga, piga mstari wa rangi unaopita kichwa cha kila boliti hadi kwenye braketi, vuta mara kadhaa kwa mwendo mdogo, kisha lala chini uangalie kama mistari bado imenyooka. Na ukija kuliuza gari, zifungue kalipa zote mbili za nyongeza pamoja na braketi zake, mwachie mnunuzi breki za Toyota. Braketi zako zitamfaa mwenzako mwenye Mark II kama hiyo.