DNA Si ya Kumtafuta Baba wa Mtoto Tu

Juzi sebuleni kwa mama mdogo nilitamka neno DNA, na kabla sijamaliza sentensi shemeji akauliza ni mtoto wa nani ana utata. Niliumia. Nilikuwa naeleza jambo linalohusu kidole cha mama mdogo mwenyewe.

Kila asubuhi hujichoma kidole, na kifaa chake kinamwambia sukari kwa sekunde chache. Chimbuko lake ni kazi ya mwanasayansi Leland Clark ya mwaka 1962: kimeng'enya juu ya elektrodi (kipande kinachopokea umeme), umeme unataja kiasi. Lakini sukari imejaa kwenye damu. MikroRNA, yaani vipande vifupi vya molekuli jamaa ya DNA, zinazoweza kuashiria saratani ni haba kuliko sukari mara zaidi ya bilioni. Ili kuzinasa, watafiti hupandikiza nyuzi za DNA zinazoshikana nazo juu ya elektrodi ya dhahabu, na hapo ndipo mambo huharibika: uzi huu umelala, ule umejikunja, mingine imesongamana kama mpunga wa kumwaga, na kinachotafutwa hakipati pa kupenya.

Mwaka 2010 kundi la mtafiti Chunhai Fan, Shanghai, lilitoa jibu ninalolipenda kwa moyo wote. Nyuzi nne za DNA hujifuma zenyewe kuwa piramidi ya nyuso nne. Pembe tatu zina salfa, nazo hushika dhahabu. Ya nne hubaki juu, imebeba uzi wa kunasia. Ni mafiga matatu na chungu chake. Hakipinduki, na hakigongani na cha jirani, kwa sababu kila jiko lina nafasi yake. Hapo DNA imekuwa nguzo na boriti, wazo ambalo mwanasayansi Nadrian Seeman alilianzisha mwaka 1982. Mpangilio peke yake umefanya mnaso kuwa mkali zaidi. Kwa nini hatuwasimulii watoto wetu hili?

Kuunda piramidi hizi si kazi ngumu: changanya, pasha moto, poza.

Kuhusu damu, nakubali kwa shingo upande. Ina vimeng'enya vinavyokata DNA, na ingawa piramidi huvistahimili kuliko uzi mtupu, majaribio mengi bado hufanywa kwenye maji safi ya chumvi. Nataka kuona damu yenyewe, na stripu, kile kipande cha kupimia, iliyokaa miezi kwenye droo bila friji.

Shemeji alipotoka, mama mdogo aliniuliza hicho cha saratani kitapatikana lini. Dada yake, mama mkubwa, tulimzika mwaka juzi. Majibu ya kipimo chake tuliyasubiri wiki tano.