Mkono Unaomshika Mgonjwa Una Uzito Gani?

Kigoma mtu huanguka kutoka juu ya mchikichi, au bodaboda humrusha kwenye barabara ya Kasulu. Uti wa mgongo ukiumia, huenda miezi ikapita ndipo asimame kati ya reli mbili za mazoezi, ajifunze upya kupiga hatua. Mtaalamu wa fiziotherapia kashika mkanda wa kiunoni kwa mkono mmoja. Wa pili umekandamiza goti lisikunjike. Jioni faili linaandikwa: "ametembea kwa msaada wa wastani." Wastani upi?

Vipimo vipo. WISCI II, kipimo cha kutembea kwa walioumia uti wa mgongo, hupanga mwendo wa mita 10 kwa ngazi 0 hadi 20, kwa kuangalia magongo, vyuma vya miguuni na idadi ya wasaidizi. Sasa shemeji mwembamba na kuli wa bandarini wote ni "mtu mmoja". FIM, kipimo cha mgonjwa kujitegemea, ina alama 1 hadi 7, na anayefanya nusu hadi karibu robo tatu ya kazi mwenyewe hupewa 3. Akipanda kutoka asilimia 52 hadi 72, alama haisogei, na asilimia zenyewe hukadiriwa kwa macho. Ndugu waliouza mbuzi ili kulipia nauli na chumba mjini wakiona 3 mwezi mzima, wanaanza kuulizana kama wamrudishe nyumbani. Ndiyo maana wapo watafiti wanaofunga vihisi vya nguvu pale mtaalamu anaposhika, msaada usomeke kwa namba. Mimi naafiki.

Ila namba nayo hudanganya. Msaada ukipungua, huenda misuli imepata nguvu. Huenda pia mgonjwa kazidi kuegemea reli, au mtaalamu kachoka tu. Tena mkono wa mzoefu haubebi muda wote: hushikilia goti mguu unapokanyaga, huachia unaponyanyuka. Jumla ya kilo haioneshi hilo.

Atatokea wa kusema tufunge kwenye mkanda mizani ya ndoano ya wauza migebuka. Si kichekesho, mvuto wa kwenda juu itausoma. Goti haitaligusa.

Wakati vihisi havijafika, ningetaka faili liseme nani alishika, alishika wapi, goti lilishikiliwa hatua ngapi kati ya zote za mita 10, na mikono ya mgonjwa ilikuwa wapi. Mkewe naye apewe karatasi hiyo siku ya kuruhusiwa, maana wakifika kwao Uvinza atakayeshika mkanda ni yeye.