Asumini Haihitaji Harusi

Wiki iliyopita jirani yangu aliingia kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akanikuta jikoni na taji la asumini kichwani. Hata hodi hakuimaliza. "Leo kwenu pana shughuli gani?" Nikamwambia hapana shughuli. "Basi baba watoto karudi safari?" Nikamwambia hajasafiri, yuko kazini, atarudi usiku kama siku zote. Akanitazama kwa macho ya kunihurumia, akachukua mbuzi aliyoijia, akaenda zake.

Simlaumu yeye peke yake. Swali lile naulizwa na wengi, na kila nikiulizwa linaniuma zaidi, kwa sababu linaonyesha tulipofika. Sisi watu wa pwani, tuliolelewa katika nyua zenye mwasumini ukutani na mrehani karibu na birika, leo tunaona ajabu mwanamke kuvaa maua nyumbani kwake jioni ya siku ya kazi. Ua limekuwa la bi harusi na la maulidi. Siku nyingine zote linaanguka chini, linafagiwa na majani makavu.

Nasema hivi kwa moyo wote: asumini ni ya nyumbani. Harusi iliikuta nyumbani ikaiazima.

Anayeleta hoja ya mila, twende naye huko huko kwenye mila. Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi wa pwani yetu, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alimwagiza aoge, ajisinge, afunge nywele zake, atunge asumini na kuziweka kitandani. Hakumwambia asubiri ngoma. Aliiweka asumini pamoja na kuoga na kuchana nywele, mambo ya kila siku ya mtu anayejitunza. Najua nitaambiwa kwamba maneno yale yalikuwa ya namna ya kumpendeza mume. Ndiyo, yalikuwa hivyo, sitabisha. Lakini hata aliyeyasoma kwa jicho hilo peke yake ataona kwamba mume mwenyewe alikusudiwa kupokewa kwa maua siku yoyote.

Na anayeleta hoja ya dini, hoja hiyo iko upande wangu. Tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba mwanamke asijitie manukato akapita mbele ya wanaume wasio maharimu wake. Basi manukato yavaliwe wapi kama si nyumbani? Mahali pake hasa ni hapa, kati ya jiko na ukumbi, na wanangu na mama yangu na dada zangu. Tunachofanya siku hizi ni kinyume: asumini za kwenda nje kwenye kumbi za kukodi, na nyumbani kanga iliyofifia na harufu ya vitunguu.

Ila kinachonichoma zaidi ni lile swali la "anamvalia nani". Nalijua tangu utotoni. Babu yangu alipofariki, bibi alikaa eda miezi 4 na siku 10. Hakugusa udi, wala wanja, wala mafuta mazuri. Mwasumini wa uani ukachanua peke yake kipindi chote kile, sisi watoto tukawa tunaokota maua chini na kuchezea. Eda ilipokwisha, akaoga, akabadili nguo, na haukupita muda mrefu akarudi kwenye desturi yake: alasiri ikishaswaliwa, anateremka uani na kawa mkononi, anachuma, anakaa mkekani, anatunga. Magharibi inamkuta asumini ziko nyweleni. Mama mmoja wa ukoo, mtu mzima, akasema mbele ya watu, "Sasa huyu anamvalia nani?" Bibi hakupandisha sauti. Akajibu, "Namvalia mwenye kichwa," akaendelea kutunga.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na asumini hakuiacha. Alikuwa akila chakula cha usiku na sisi wajukuu, taa ya chemli imewashwa, na chumba kizima kinanukia kwa ajili yake yeye mwenyewe. Hakuwa akimngoja mtu. Mimi nikiwa mdogo nilidhani uzee ndio huo, kukaa vizuri na kunukia vizuri jioni, na nilikuwa nautamani. Leo nikiwaona mama zetu wajane, na dada zetu ambao hawakuolewa, au walioachwa, wanaona haya kuchomeka hata kikuba kimoja, kile kifungu kidogo cha maua ya kunukia, kwa kuogopa kuulizwa "kwa nani?", nataka kulia. Nani aliwaambia kwamba pua zao hazina haki?

Nenda Madurai, kusini mwa India, uone. Asumini ni ile ile yetu, maana asili yake ni Asia ya Kusini. Kule wanawake wanaivaa nyweleni wakienda sokoni, ofisini na shuleni kufundisha, na hakuna anayewauliza harusi ya nani. Mwaka 2013 asumini ya Madurai ilisajiliwa rasmi kwa jina la mji wake, ili ilindwe kama mali ya watu wa pale. Wafilipino wameifanya ua la taifa tangu 1934. Sisi tunaing'oa kupisha matofali ya kutandaza uani.

Basi nieleze ninavyotunga taji langu, kwa sababu wasichana wengi wananiambia wangependa lakini hawajui pa kuanzia, na mama zao hawakuwafundisha.

Saa ya kuchuma ndiyo kila kitu. Chuma baada ya alasiri, jua likianza kupoa. Chagua vitumba vilivyojaa, vyeupe kabisa, vilivyofumba. Kilicho na ukijani bado hakijakomaa, ukikichuma hakitafunguka, utakuwa umekiua bure. Kilichofunguka tangu jana kimeshatoa harufu yake, hakina deni na mtu. Unataka kile ambacho kingefunguka usiku huu huu mtini, kije kifungukie kichwani mwako. Jinsi jioni inavyoingia ndivyo asumini inavyofunguka, na joto la kichwa linaisaidia. Ndiyo maana mtu aliyevaa saa kumi na moja haonekani kunukia sana, halafu ikifika isha watu wanaanza kugeuka kutafuta harufu inatoka wapi.

Zimwage kwenye sinia, zitikise kidogo, uziache dakika chache ili sisimizi watoke. Usiruke hatua hii. Usizioshe kwa maji mengi; nyunyiza matone tu, kisha zifunike kwa kitambaa kibichi au jani la mgomba wakati unatayarisha mengine.

Duara la chini ndilo linalobeba taji, na hapa watu wanakwenda kununua waya. Waya unakwaruza na unanasa nywele. Mimi nasuka ukindu, msuko mwembamba tu kama wa kuanzia mkeka, nikiwa nimeuroweka kwanza ulainike. Pima kuzunguka kichwa juu ya nywele jinsi utakavyozifunga, na uache nafasi ya kidole kimoja, kwa sababu ukindu ukikauka unabana. Aliye mbali na ukindu atumie njiti mbichi ya kuti la mnazi. Mbichi, narudia, kwa kuwa iliyokauka ni ya ufagio na itavunjika.

Sasa sindano. Nyembamba, uzi wa pamba umekunjwa mara mbili. Kosa ninaloliona kila mahali ni kuchoma kitumba tumboni. Ukichoma petali, kitageuka rangi pale pale penye jeraha, na kabla ya isha taji lina madoa ya kahawia. Choma kikonyo, ile shingo nyembamba chini ya kitumba, tena choma kwa kukata ubavuni. Kimoja kitazame kulia, kinachofuata kitazame kushoto, uvibane vikae karibu karibu. Ukishapata koja linalotosha kichwa, lizungushie kwenye msuko wa ukindu na ulifunge kwa uzi ule ule kila baada ya upana wa vidole viwili. Usikaze mno. Asumini zikifunguka zinataka nafasi, na uliyeiona nyembamba saa kumi na moja utaikuta imenenepa saa mbili usiku.

Vitumba mia moja na hamsini hivi vinatosha taji la kujaa, na mwasumini mmoja mdogo hauvitoi kwa siku moja, hasa kipupwe, ambapo maua yanapungua. Hilo lisikuvunje moyo. Jaza kwa rihani. Tawi la rihani lenye maua yake ya zambarau, kati ya fungu na fungu la asumini, linapendeza kwa macho, na harufu yake kali kidogo inaipunguza asumini utamu. Ukibahatika kupata kilua, ua la mkilua, weka viwili au vitatu nyuma ya sikio, basi. Ukizidisha kitaifunika asumini yote. Mkilua ni mti wa pwani hii ya Kenya na Tanzania, na hata wataalamu wa mimea walipouorodhesha mwaka 1970 waliuita Mkilua fragrans, kwa jina la bibi zetu. Ni mti wa kutunzwa. Maua ya mkadi na ya mlangilangi nawaachia wenye vichwa vizito kuliko changu, mimi harufu yake inaniuma kipaji cha uso.

Ukivua usiku, usilitupe taji. Liweke juu ya mto, au kabatini kati ya nguo. Asubuhi asumini zitakuwa zimenyauka na kuingia wekundu, lakini kanga utakayoitoa hapo itakushukuru.

Yote hii, kuchuma hadi kuvaa, inamaliza muda wa kati ya alasiri na magharibi, na hapo ndipo wanaponiambia, "Sisi hatuna muda." Wengine kweli hawana, na aliyetoka kibaruani jua limezama simwambii kitu. Lakini wengi wetu tunautoa muda huo huo kila siku kutazama vichwa vya watu wengine kwenye simu.

Na plastiki. Jamani, plastiki! Mwaka huu nimekwenda kumpamba bi harusi wa watu, nikaingia chumbani nikakuta kitanda kimemwagiwa asumini za plastiki, na juu yake zimepuliziwa manukato ya chupa. Bi harusi mwenyewe kavikwa koja la plastiki, gumu, linamkwaruza shingo, na joto lile. Uani kwa jirani wa pili, hatua chache tu, mwasumini ulikuwa mweupe kwa maua. Nilitoka nikaenda kuomba, nikarudi na kawa imejaa, nikaambiwa niache, picha zitaharibika kwa sababu maua halisi "yatalegea". Nakubali yatalegea. Ndivyo yalivyoumbwa. Asumini inatoa usiku mmoja, inautoa wote, na mtu aliyevikwa asumini usiku wa harusi yake anaikumbuka harufu ile mpaka uzeeni. Plastiki ile ataikumbuka kwa lipi? Itakaa kwenye sanduku miaka thelathini bila kunukia hata siku moja.

Ndugu zetu walioko Uingereza na Canada, wenye baridi ya kuua mwasumini, nimewasamehe plastiki, lakini kwa shingo upande; mwasumini unakubali kuishi ndani ya chungu karibu na dirisha lenye jua, nimeona kwa macho yangu kwenye nyumba ya mtu ughaibuni. Wa Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu, Tanga na Bagamoyo sina msamaha nao. Na wanaokaa ghorofani wasiniambie hawana uwanja wa kupandia. Ndoo iliyotobolewa chini, roshani inayopata jua la asubuhi, imetosha.

Nataka pia kumtaja mwuza asumini wa jioni, yule mama anayekaa na sinia lake la makoja na vikuba. Tukiacha kuvaa siku za kawaida, yeye anakula siku za harusi tu. Nunueni kwake.

Mume wangu, kwa wanaouliza, anaipenda. Alinikuta nimevaa usiku ule ule wa kisa cha jirani, akauliza kama zimebaki. Nilimpa tatu, akaziweka mfuko wa kanzu, akaenda nazo msikitini. Binti yangu mdogo naye ameanza kudai taji lake, na hilo ndilo jambo linalonipa nguvu ya kuandika yote haya. Sitaki akue akiamini kwamba ua la kwanza la kichwani kwake litavikwa na mtu mwingine, siku ya kukabidhiwa kwa mtu mwingine.

Mwenye nia aanze wakati wa masika, kabla mvua hazijakatika. Kata tawi lisilo na maua, la urefu wa shibiri, ambalo halijakomaa sana wala si changa sana. Toa majani ya chini, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, uliweke kivulini mpaka lishike mizizi, kisha ulihamishie kwenye jua. Likishakuwa mti, lipogoe kila likimaliza kuchanua, kwa maana maua huja kwenye machipukizi mapya, na mwasumini usiopogolewa unajaa majani matupu. Usiponunua mche, omba kwa jirani. Hakuna mwenye mwasumini atakayekunyima tawi, na akiuliza ni la harusi ya nani, mwambie ni lako.